Kidonge, Mawazo na Mbolea ya Ubongo
(Maneno tuliyowaambia vikundi vya kujisaidia vya Takawiri)



Leo tunaongea juu ya ule ugonjwa ambao hapa huitwa neko, na watu wakiutaja huteremsha sauti. Mtu anasikia maneno ya watu wasiokuwapo. Anaona jirani anataka kumtilia sumu. Halali. Katika kutembea kwetu visiwani tumekuta nyumba ambamo mgonjwa amefungwa kamba, na nyumba nyingine ambamo vidonge vimetupwa ziwani, eti vinamfanya mzito. Hatukuja kugombeza. Aliyefunga kamba mara nyingi ni mama aliyeogopa mwanawe asiingie majini usiku.

Tuanze na dawa. Klopromazini ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Haloperidoli ilitoka Ubelgiji mwaka 1958. Hata leo ndizo zinazojulikana sana kwenye hospitali zetu. Kazi yake ni kuizuia kemikali moja ya ubongoni iitwayo dopamini isifanye kazi kupita kiasi, na hapo zile sauti hupungua au hunyamaza. Ni kazi kubwa hiyo, msiidharau. Lakini mwili waweza kukaza, mikono ikatetemeka, mate yakatoka, usingizi ukazidi. Klopromazini pia huifanya ngozi iungue upesi na jua, kwa hivyo anayeanika omena avae kofia na shati la mikono mirefu. Na mwenye usingizi wa dawa asipewe mashua aiendeshe.

Sasa hiyo mbolea. Seli za ubongo zinahitaji kulishwa ili ziishi na kutoa matawi ya kushikana na wenzake, kama vile mtama unavyotaka samadi. Mwaka 1982, huko Ujerumani, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen waliitoa mbolea moja ya namna hiyo katika ubongo wa nguruwe. Wataalamu huiita kwa herufi nne, BDNF. Ubongo wenyewe ndio unaoitengeneza.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichukua panya wakawabana wasiweze kusogea, saa mbili tu. Walipopima ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, waliona utengenezaji wa mbolea hiyo umeshuka. Hebu fikirini. Saa mbili! Na sisi tunamfunga mtu tangu asubuhi mpaka jioni. Panya si binadamu, tunajua, lakini neno hilo lilitukalia rohoni.

Na dawa je, zinairudisha mbolea? Hapa tuseme ukweli hata kama haupendezi. Tangu mwaka 2000 majaribio kadhaa ya panya yameonyesha kwamba haloperidoli huipunguza. Kwa dawa mpya zaidi kama olanzapini majibu yanapishana, wengine waona inapanda, wengine hawaoni. Mwaka 2002 panya waliopewa kwetiapini kwanza, kisha wakabanwa, hawakupoteza mbolea nyingi kama wenzao. Kwa watu, wagonjwa wakipimwa damu, kwa wastani BDNF yao iko chini kuliko ya wazima, na hata waliokuwa hawajaanza dawa wameonekana hivyo. Kwa hivyo asitoke mtu hapa akasema tumeambiwa dawa zinaharibu ubongo. Anayeacha ghafla, ugonjwa humrudia, na mara nyingi kwa ukali. Tulichosema ni kwamba kidonge kinanyamazisha sauti, lakini kulisha ubongo ni kazi nyingine, na sehemu yake iko nyumbani kwenu.

Kuna uchunguzi mmoja wa London tunaoupenda sana, wa George Brown na wenzake, uliotolewa mwaka 1972. Waliwafuata wagonjwa 101 waliotoka hospitalini, kwa miezi tisa. Waliorudi kwenye nyumba za lawama, kelele na kuingiliwa katika kila jambo, 58 kwa kila 100 waliugua tena. Waliorudi kwenye nyumba tulivu, 16 tu. Ugonjwa ni ule ule. Basi ule mdomo wetu, "wewe mvivu, wewe mzigo," si maneno ya hewani.

Usingizi nao. Kuvua omena kwa taa usiku kucha hakumfai mtu huyu, hata kama anajua kazi kuliko wote. Mpeni nyavu za kushona kivulini, mpeni maji ya kuteka. Kutembea na kufanya kazi za mwili ni kuzuri: panya wanaokimbia, mbolea ile huongezeka.

Akikaza au kutetemeka, msitupe dawa. Mpelekeni Mbita, mhudumu aweza kupunguza kipimo, au kubadilisha, au kuongeza dawa ya kulegeza mwili. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanaitaka serikali ya kaunti itoe huduma hii, kwa hivyo dawa ikikosekana ulizeni bila kuona haya.

Kwa vikundi tuna ombi moja. Nauli ya mashua ndiyo inayowashinda wengi. Toeni kidogo katika akiba, imtoshe mgonjwa na mtu wa kumsindikiza. Na wale wa sindano ya kila mwezi, tarehe zao ziandikwe katika daftari la kikundi, ukurasa ule ule wa zamu za michango, ili mwekahazina azione kila mkikutana.