Shule ya mbali ilikuwa mbali na nani?

(Mazungumzo yaliyotolewa ku kikao cha wanachama, Uvira)

Tuliombwa tuseme juu ya masomo ya wakati wa Corona. Labda kuna mwenye kujiuliza: ile maneno ilikwisha zamani, tunairudilia ya nini? Tunairudilia juu shule zetu hazifungwi na Corona peke yake. Vita inafunga, maji inafunga, mgomo wa walimu unafunga. Na kila mara watoto wa familia zilizorudi ndio wanaoanza kupotea.

Tukumbuke kidogo. Shule zilifungwa nchi nzima tarehe 19 mwezi wa 3, 2020. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walirudi tarehe 10 mwezi wa 8, wengine wakangojea mpaka tarehe 12 mwezi wa 10. Kiisha tarehe 18 mwezi wa 12 zikafungwa tena, mpaka tarehe 22 mwezi wa 2, 2021. Hesabuni wenyewe. Tanzania, kule wengi wenu mulikuwa wakimbizi, walifunga wiki ile ile yetu, lakini mwishoni mwa mwezi wa 6 walikuwa wamekwisha kufungua.

Serikali ilisema watoto wasome ku redio. Radio Okapi ilipitisha masomo, na ilikuwa kazi nzuri, hatuisemi vibaya. Lakini sisi wenye kupita nyumba kwa nyumba tulikuta redio ni ya baba, na baba iko nayo ku shamba. Ikibaki nyumbani, mapile yamekwisha. Tena redio haingojei mtu. Mtoto aliyetoka ngambo, ambaye bado anatafuta Kifaransa, akikosa neno moja hana wa kumuuliza. Wa sekondari waliambiwa WhatsApp. Wazazi munajua vizuri: kati ya kununua megabaiti na kununua unga, mama anachagua nini?

Na kabla mwezi mmoja haujapita vizuri, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa 4, mto Mulongwe ukatoka. Watu walikufa, manyumba yakaenda. Kaye za watoto zilienda na maji pamoja na sufuria.

Mwalimu mmoja wa hesabu, wa sekondari hapa mjini, alituambia: «Wanaita masomo ya mbali. Mbali na nani? Wanafunzi wangu walikuwa avenue ya pili.» Serikali ilikataza mikutano ya watu kupita 20. Watoto watatu chini ya mwembe hawakukatazwa na mtu. Basi alianza kuandika mazoezi kwa mkono na kuyaacha ku mashini ya kusaga, juu kila nyumba inapita pale. Siku ya tatu wanachukua, siku ya posho wanarudisha, naye anasahihisha. Alishangaa kuona wenye kurudisha zaidi ni wasichana, wale waliokuwa wananyamaza mu darasa. Kiisha akaelewa: msichana ndiye anatumwa kusagisha. Wavulana wengi walikuwa wamekwisha kwenda Misisi kutafuta zahabu.

Alifanya wiki sita, akaacha. Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Shule ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini mwalimu wa sekondari, zaidi yule ambaye Serikali haijaanza kumlipa, anaishi na feza ya wazazi. Shule ikifungwa, hakuna mzazi anayelipa. Yule bwana alikwenda kulima mpunga mu Plaine ya Ruzizi ili watoto wake wale. Katika mikutano mingi ya sisi watu wa ONG tulisikia watu wanahesabu redio na telefone. Kuuliza mwalimu anakula nini, hiyo haikuwa ku programu.

Shule ilipofunguliwa, mabanki ya wengine yalibaki wazi. Wavulana walikuwa wamezoea kushika feza yao. Wasichana wengine walikuwa na mimba, na wazazi waliona aibu kuwarudisha. Wengine wako hapa kwetu, tunawaona ku soko kila siku, na bado ni umri wa kusoma.

Tunajua mfuko wa mutuelle ni wa matanga na magonjwa. Hatuombi muuvunje. Tunaomba kikao kijacho kijadili sehemu ndogo ya kuweka pembeni: karatasi, bike, na unga wa mwezi kwa walimu wawili siku shule itafungwa tena. Mzee mmoja alituambia mbele ya kikao kwamba afazali kununua redio za jua. Tunamheshimu, lakini kwa maoni yetu redio ije kiisha mwalimu.

Mbele ya siku ile, kila mwenye kusimamia avenue alete majina ya watoto walioacha shule tangu 2020, na majina ya walimu walio kati yetu. Mwenye mashini ya kusaga amekwisha kukubali kutupa meza moja karibu na mlango.