STIMA KATIKA CHUMBA CHA NYONGEZA: HESABU KWANZA, UKUTA BAADAYE

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama, fundi wa stima, katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa sababu wengi waliyaomba.)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya kupeleka stima katika chumba cha nyongeza. Jambo hili si la mafundi peke yao. Wengi wetu tukipata akiba kidogo huongeza chumba, ama kwa ajili ya watoto, ama kwa kupangisha. Hapa Nairobi, katika mitaa kama Umoja na Dandora, viwanja ni vidogo, na vyumba vimeongezwa nyuma, ubavuni, hata juu. Anayelala katika chumba hicho ni nani? Ni mtoto wetu, au mfanyakazi mwenzetu. Basi moto ukitokea, ni wetu watakaoungua.

Neno langu kuu ni moja: fanya hesabu ya stima kabla ya kujenga ukuta. Penye nafasi kubwa, waya uliosahauliwa hupatiwa njia nyingine. Penye nafasi ndogo hakuna njia nyingine. Ni kuvunja plasta uliyolipia juzi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila chombo kimeandikwa wati zake. Stima ya nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Gawanya wati kwa 240, utapata ampia, yaani kiasi cha stima kipitacho katika waya. Tuchukue chumba cha futi 10 kwa 10 chenye bafu dogo. Birika la wati 2,000 ni ampia 8 na kidogo. Pasi ya wati 1,200 ni ampia 5. Chombo cha kupasha maji ya bafu cha wati 5,000 ni karibu ampia 21. Ongeza taa mbili na televisheni, jumla inafika kama ampia 35. Msiseme kwamba vyote haviwashwi pamoja. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, huwashwa vyote pamoja!

Sasa tazameni vile watu wafanyavyo. Hutoboa ukuta na kuvuta waya kutoka taa au soketi ya chumba cha zamani. Waya wa taa hulindwa na breka ya ampia 6. Pasi peke yake karibu inaimaliza. Breka ikikatika mara kwa mara, mwenye nyumba huweka iliyo kubwa zaidi. Hapo amemfukuza askari aliyekuwa akilinda waya. Waya utapata moto ndani ya ukuta, na hakuna atakayejua mpaka aone moshi.

Njia iliyo sawa ni kuvuta waya mmoja mnene kutoka sanduku kuu mpaka sanduku dogo la breka katika chumba kipya. Kwa mfano wetu, waya wa milimita mraba 10 na breka ya ampia 40 hufaa, ikiwa safari si ndefu. Kutoka sanduku dogo, taa zipate waya wa 1.5 na breka ya ampia 6. Soketi waya wa 2.5 na breka ya ampia 20. Maji ya moto waya wa 6 na breka ya ampia 32, bila kushiriki na chombo kingine. Kiwekwe pia kile kifaa kinachokata stima inapovuja kwa miliampia 30, kwani breka ya kawaida hulinda waya, haimlindi mtu. Waya wa ardhi usikose.

Kabla ya hayo, soma ampia za swichi kuu ya nyumba. Ikiwa nyumba ya zamani na chumba kipya pamoja zinaipita, punguza vyombo au iombe kampuni ya stima ikuongezee nguvu.

Juu ya nafasi, chora chumba katika karatasi: mlango, dirisha, kitanda, kabati. Swichi ya taa ikae upande wa kitasa, isifichwe na mlango ukifunguliwa. Soketi zisiwe nyuma ya kitanda wala juu ya jiko. Weka soketi za kutosha, ili mpangaji asitambaze waya za kuongezea sakafuni. Sanduku dogo likae karibu na mlango, mbele yake pawe wazi, wala lisiingie bafuni au kabatini. Bafuni usiweke soketi kabisa. Swichi ya maji ya moto ikae nje ya mlango, na iwe ya kukata waya zote mbili. Mabomba ya waya yaingie ukutani kabla ya plasta, yapande wima au yaende mlalo, ili mtu akipigilia msumari baadaye ajue wapi pa kuepuka.

Ukijenga kwenda juu, tazama waya za kampuni zinazopita angani. Usizisogelee. Kuhamisha waya hizo au mita ni kazi ya kampuni, si ya fundi wako wala ya jirani mwenye ngazi.

Mwisho, ndugu zangu, fundi. Tangu Sheria ya Kawi ya 2019, mamlaka inayotoa leseni kwa mafundi wa stima ni EPRA. Mwombe fundi leseni yake kabla hujampa pesa, na kazi ikiisha aipime na kukupa cheti. Najua leseni ina gharama. Lakini sisi katika chama hudai kwamba kazi ya ujuzi ilipwe malipo ya ujuzi. Hatuwezi kumdai tajiri hayo mchana, kisha jioni tukamtafuta mtu wa bei ya chini atutilie stima mahali watakapolala watoto wetu.

Anayetaka kuongeza chumba na alete mchoro wake kwenye mkutano ujao, tuupige hesabu pamoja. Karatasi hufutika kwa kifutio. Ukuta hufutwa kwa nyundo.

Umoja ni nguvu!