UKUTA WA NEHEMIA NA KAZI ZETU

Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Chama



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya ushirikiano kazini kwa kufuata mafundisho ya Biblia. Sisi si wahubiri. Kazi yetu ni kalamu na majalada. Lakini tumeona kwamba katika Kitabu cha Nehemia mna habari za kazi ambazo karani, fundi, tarishi na msimamizi waweza wote kujifunza kwazo.

Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi. Mnamo mwaka wa 445 kabla ya Kristo alipewa ruhusa kwenda Yerusalemu, mji wa baba zake, ambao kuta zake zilikuwa zimebomoka na malango yake yameteketea kwa moto. Hakuanza kwa kutoa amri. Alipokwisha kaa siku 3, aliondoka usiku pamoja na watu wachache, akaukagua ukuta kwa macho yake mwenyewe. Ndipo alipowaomba watu wajenge pamoja naye. Kazi ilimalizika kwa siku 52.

Mlango wa 3 wa kitabu hicho wengi wetu huuruka tusomapo, maana waonekana kuwa orodha ya majina matupu. Lakini orodha ile ni kama daftari ya kazi. Ndani yake twamwona kuhani mkuu akijenga, na wafua dhahabu na mtengeneza manukato wakishika mawe, na Shalumu, akida wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, akifanya kazi pamoja na binti zake. Malkiya naye, aliyekuwa akida, alilitengeneza Lango la Jaa, ambalo jina lake latosha kutuambia lilikuwa la kupitisha nini. Cheo chake hakikumzuia. Wakuu wa Watekoa walikataa kuitia kazi ile shingo zao, na jambo hilo limeandikwa. Lakini watu wao wa kawaida walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua na sehemu ya pili. Hilo pia limeandikwa.

Tena orodha hiyo yarudia jambo moja: baada ya huyu alijenga fulani, na baada ya fulani alijenga mwingine. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na kila mmoja alikuwa na kipande chake. Lakini kila kipande kilifika hata kukutana na cha jirani. Vipande vizuri vyenye mianya katikati si ukuta, kwa kuwa adui hahitaji zaidi ya mwanya mmoja.

Ndugu zetu, mara nyingi kazi haiharibiki mezani pa mtu; huharibika kati ya meza na meza. Hapo zamani kidogo, katika ofisi tuliyokuwamo, makarani wawili waligombana kwa neno dogo, wakaacha kusemezana. Twaona haya kukiri kwamba sisi tulikuwa mmojawapo. Ikaja barua ya mama mjane aliyekuwa akidai malipo ya marehemu mumewe. Tulifanya sehemu yetu, tukatia sahihi, tukaiweka pembeni mwa meza. Mwenzetu aliiona, lakini kwa kuwa hakukabidhiwa, hakuigusa. Ilikaa hapo majuma 6, na kila mmoja wetu angeweza kuapa kwamba ametimiza wajibu wake. Mama yule alikuja mara 3, akiambiwa angoje. Na mwanawe alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Fedha zilipotoka, muhula ulikuwa umekwisha. Hakutulaumu, kwa maana hakujua. Alitushukuru, na shukrani zile zilituchoma kuliko karipio. Siku ile tulielewa ya kuwa Mtume Paulo, alipowafundisha Wakorintho kwa mfano wa mwili na viungo vyake, alisema pia juu ya meza zetu mbili.

Liko na neno jingine. Katikati ya ujenzi, maskini walilia kwamba ndugu zao wenye mali wanawatoza riba, hata mashamba yao yamewekwa rehani na watoto wao wametiwa utumwani. Nehemia hakuwaambia wanyamaze mpaka ukuta uishe. Aliitisha mkutano, akawakemea wakuu, nao wakaahidi kurudisha walivyotwaa. Yeye mwenyewe kwa miaka 12 hakula posho iliyokuwa haki ya liwali. Basi mkubwa wa kazi amkopeshaye tarishi wake shilingi chache na kumtoza riba mwisho wa mwezi, asimhubirie umoja. Umoja usio na haki hauna msingi.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu, katika kazi zetu na katika Chama hiki vilevile, ambacho katibu wake na mhazini wake wamebeba amana ya wajane na yatima. Kwanza, kila kazi ikabidhiwe kwa mkono na kuandikwa. Pili, ugomvi usilale: aliyekosewa amwendee mwenzake wakiwa wawili tu, kama Bwana wetu alivyoagiza, kabla ya kuupeleka kwa wazee. Tatu, mwenye cheo asilidharau Lango la Jaa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twawasihi, wazee wetu na ndugu zetu: kesho asubuhi, kabla ya kushika kalamu au nyundo, kila mmoja wetu na atazame pembeni mwa meza yake. Huenda iko barua ya mtu inayongoja hapo.

Mungu akibariki Chama chetu.