Wauguzi Wetu Waendao Uingereza
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi, Tongaren)

Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilipatana juu ya kupeleka wauguzi huko. Muuguzi wetu, hata mwenye ujuzi, kwa kawaida huanza kwa cheo cha chini mpaka afaulu mtihani wa vitendo wenye vituo 10, ndipo aandikishwe muuguzi kamili. Hiyo si dharau: dereva wa gari la moshi akihamishiwa njia ngeni hujifunza kwanza ishara zake.

Lakini wazazi, angalieni. Wakala akidai ada ya kumtafutia kazi, ng'ombe asiuzwe: kanuni za Uingereza zakataza. Mikataba mingine hudai gharama zirudishwe muuguzi akiondoka mapema. Someni kabla ya sahihi. Naye akifika, ajiunge na chama cha wafanyakazi.