Nani Amekilipia Kidonge Hiki?

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu jioni ya majirani, katika wiki ya maadhimisho



Kamati iliponialika kuzungumza juu ya dawa, nilidhani ningetakiwa kuwaonya kuhusu sukari baada ya peremende zote hizi za sherehe. Nikaambiwa la, nijibu swali ambalo wateja huniuliza kila siku: mbona dawa ni ghali? Nimekuwa mfamasia katika mji huu wa Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda mrefu swali hilo nililijibu kwa kuinua mabega. Leo nitajaribu kulijibu kama linavyostahili.

Mwaka 1999 alikuwa akija dukani kwangu fundi seremala mmoja. Yeye na mkewe walikuwa na virusi vya UKIMWI. Dawa za mwezi mmoja kwa mgonjwa mmoja zilizidi mapato yake ya miezi kadhaa. Siku moja aliweka fedha zake juu ya meza, zilizotosha vidonge vya siku chache tu, akaniuliza: "Bwana mfamasia, nimpe mke wangu, nimeze mimi, au tugawane?" Nilijua kwamba kugawana kungeharibu tiba ya wote wawili, kwa kuwa kirusi hujifunza kuishinda dawa isiyotimia. Nilimweleza hivyo. Kuhusu nani ameze, sikuwa na jibu. Wote wawili walifariki kabla ya mwaka 2001 kwisha, wakaacha watoto. Sisemi haya kumlaumu mtu mwingine. Aliyekuwa ameshika ufunguo wa droo ya fedha ni mimi.

Wakati huo, katika Ulaya na Marekani, mchanganyiko wa dawa tatu uligharimu dola 10,000 hadi 15,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Leo mchanganyiko ulio bora kuliko ule hununuliwa na mashirika ya kimataifa kwa chini ya dola 45 kwa mwaka. Jambo gani liliishusha bei hiyo namna hii? Wanakemia wameboresha njia za kutengeneza, ni kweli, lakini kilichobadilika zaidi ni makubaliano ya wanadamu.

Tuanze na utafiti. Dawa ya kwanza ya UKIMWI, AZT, ilitengenezwa mwaka 1964 mjini Detroit na Jerome Horwitz, aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani kwa fedha za utafiti za serikali ya Marekani. Haikufaa kwa saratani, ikawekwa kando. Miaka ya 1980, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya nchi hiyo ilishirikiana na kampuni moja ya dawa kuijaribu dhidi ya UKIMWI, na Machi 1987 ikaidhinishwa. Bei yake ilikuwa kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mwaka. Mlipa kodi aliyegharimia mbegu aliuziwa tunda kwa bei hiyo.

Lakini tuwe waadilifu. Mbegu si tunda. Kutoka ugunduzi wa maabara hadi kidonge kilichothibitishwa ni safari ya miaka mingi, ya majaribio kwa maelfu ya watu, na dawa nyingi huanguka njiani. Kampuni zinazobeba hasara hiyo zinapaswa kulipwa. Ndiyo maana jamii huwapa wavumbuzi hataza, yaani haki ya kuwa wauzaji pekee kwa miaka ishirini. Huo ni mkataba baina ya mvumbuzi na umma, na mkataba una pande mbili. Umma ukikubali mtu mmoja apange bei, una haki ya kuuliza ni nani atakayeachwa nje ya mlango.

India iliuliza swali hilo mapema. Sheria yake ya hataza ya mwaka 1970 ilikataa kutoa hataza kwa dawa yenyewe. Ililinda tu njia ya kuitengeneza. Mwanakemia aliyeweza kuitengeneza dawa ileile kwa njia nyingine alikuwa huru kuiuza. Hapo ndipo vilipokua viwanda vya dawa za jeneriki, yaani dawa zenye kiini kilekile zisizouzwa kwa jina la mgunduzi wa kwanza. Februari 2001, Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla, iliyoanzishwa na baba yake mjini Bombay mwaka 1935, alijitolea kuwauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu za UKIMWI kwa dola 350 kwa mwaka. Haikufika dola moja kwa siku.

Mwezi uliofuata, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na mgunduzi mwenyewe, William Prusoff, walidai kwamba hataza ya chuo chao juu ya dawa ya stavudini isitumiwe kuwanyima wagonjwa wa Afrika Kusini. Kampuni iliyokuwa na leseni ikakubali. Aprili mwaka huohuo, kampuni 39 zilizokuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria yake ya dawa ziliondoa kesi mahakamani. Novemba, mjini Doha, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikiri kwamba kanuni za hataza hazipaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake. Na Bunge letu la Kenya mwaka huo lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua njia ya kuagiza dawa nafuu kutoka nje.

Ushindi huo haukuwa wa kudumu bila ulinzi. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria dhidi ya bidhaa bandia, ambayo maneno yake yangeweza kuzihesabu dawa halali za jeneriki kuwa bandia. Wakenya watatu walioishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu. Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu hivyo vilihatarisha haki yao ya uhai, ya utu na ya afya iliyo katika Katiba ya 2010. Wateja wangu wengi hawajui kwamba vidonge vyao vililindwa na majirani watatu waliothubutu kusimama mbele ya jaji.

Yapo pia magonjwa yasiyo na soko, kwa sababu wagonjwa wake hawana fedha. Malale ni mfano. Kwa miaka mingi wagonjwa wa hatua ya pili walidungwa dawa yenye sumu ya aseniki, iliyoua takriban mmoja katika kila ishirini waliotibiwa nayo. Mwaka 2003 liliundwa shirika la DNDi kutafuta dawa za magonjwa yaliyopuuzwa, na miongoni mwa waanzilishi wake ilikuwa taasisi yetu ya KEMRI, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la India. Kwa fedha za serikali na za wafadhili, na kwa kushirikiana na kampuni ya Sanofi, walifikisha kwa wagonjwa fexinidazole, vidonge vya siku kumi, vilivyoidhinishwa nchini Kongo Desemba 2018. Hapa gharama ya utafiti ililipwa mwanzoni, kwa hiyo haikuhitaji kurudishwa kutoka mfukoni mwa mgonjwa.

Wala njia hii si ngeni. Mwaka 1938 Wamarekani waliombwa kutuma senti kumikumi kwa ajili ya vita dhidi ya polio, na zaidi ya sarafu milioni mbili zikamiminika Ikulu ya White House. Michango ya aina hiyo ndiyo iliyogharimia chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kuwa salama na yenye nguvu Aprili 1955. Haikuwekewa hataza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ndugu zangu, Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na wengi wetu tuliona hofu katika nyuso za wanaotegemea dawa hizo. Bei nafuu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na fedha zetu wenyewe. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliahidi utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Ahadi hiyo haijatimizwa, na wanaotuomba kura hawajaulizwa kwa sauti ya kutosha.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mwambieni daktari aandike jina halisi la dawa, na msiidharau ya bei nafuu, maadamu imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Pili, mfuko wa wagonjwa wa hekalu letu, ambao humsaidia jirani bila kumwuliza dini yake, ununue dawa za jeneriki kila zinapopatikana, ili fedha zilezile zihudumie watu wengi zaidi. Tatu, tutenge fungu, hata dogo, la kumsomesha kila mwaka kijana mmoja wa mtaa huu katika famasia au utafiti wa tiba, awe mtoto wa nyumba yoyote.

Yule fundi aliniuliza nani ameze. Nimechukua miaka mingi kutambua kwamba hakupaswa kamwe kuulizwa achague. Dawa ilikuwapo, na sehemu ya gharama ya kuigundua ilikuwa imekwisha kulipwa na watu wa kawaida kama yeye. Tukiweka fungu letu mapema, na tukidai haki iliyo ndani yake, mfamasia mwenzangu wa kesho hatalisikia swali lile.