MWENYE NYUMBA HANA RUHUSA KUMFUNGIA MPANGAJI NJE



Katika mji wa Homa Bay wengi wa wale wauzao omena ufuoni mwa Ziwa Victoria hulala katika vyumba vya ploti. Milango imepangwa mstari mmoja, choo ni kimoja, na pengine watu wawili wasio ndugu hukaa katika chumba kimoja ili wagawane kodi. Huko Migori nako ni vivyo hivyo. Mbalamwezi inapong'aa, omena hawazifuati taa za wavuvi; fedha hupungua, kodi ikachelewa. Ndipo jioni moja mpangaji arudipo hukuta kufuli geni mlangoni, na godoro, sufuria na vitabu vya watoto vimo ndani.

Wengi hudhani ya kwamba mwenye nyumba ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa nyumba ni yake na fedha anadai kweli. Sivyo. Iko Sheria ya Kenya ya kuzuia kodi za nyumba, iliyoanza mwaka 1959. Sheria hiyo yahusu nyumba za kukaa ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na vyumba vingi vya ploti vimo katika kiasi hicho. Mpangaji wa nyumba hizo hatolewi ila kwa amri ya baraza la kodi au ya mahakama. Mwenye nyumba amtoaye bila amri, au amsumbuaye kusudi ahame, afanya kosa la jinai. Hata kwa nyumba za kodi kubwa zaidi, yapasa kwanza notisi itolewe, na mpangaji akikataa kuondoka, shauri lipelekwe mahakamani.

Lakini deni halifutiki kwa sababu ya kufuli. Kodi iliyobaki ni lazima ilipwe, na wenye nyumba wengi wamejenga kwa mikopo ambayo nao hudaiwa kila mwezi. Iko njia ya kisheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, nayo hufanywa na dalali mwenye leseni, wala si na mwenye nyumba pamoja na vijana wake.

Mambo huwa magumu zaidi kwa wale wawili wa chumba kimoja. Ikiwa wote wawili ndio wapangaji, hakuna awezaye kumfungia mwenzake nje, na mwenye nyumba aweza kumdai ye yote kati yao kodi nzima, siyo nusu tu. Ikiwa mmoja ndiye mpangaji na wa pili amekaribishwa kwa malipo, yule wa pili haki yake ni hafifu; ila dalali akija kukamata vitu kwa deni la mwenzake, aweza kutoa maandishi ya kuonyesha kwamba kitanda hiki na baiskeli ile ni mali yake. Kwa hiyo majina yote mawili na yaandikwe tangu siku ya kwanza.

Mtu aliyefungiwa asilivunje kufuli. Akilivunja, huenda yeye ndiye atakayeshtakiwa. Na aite jirani awe shahidi, apige picha ya mlango, kisha aende kituo cha polisi habari zake ziandikwe, apewe nambari ya taarifa. Chifu aweza kuwapatanisha, lakini chifu hana uwezo wa kuamuru mtu ahamishwe. Baada ya hapo njia ni mahakamani. Migori na Homa Bay kote kuna mahakama za mahakimu, na pia Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hakimu aweza kuombwa atoe amri ya haraka mlango ufunguliwe, hali shauri la kodi likingoja zamu yake. Asiye na fedha za wakili na aulize habari za msaada wa Serikali uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Atakachoulizwa huko ni ushahidi wa malipo. Stakabadhi, kitabu cha kodi, hata ujumbe wa M-Pesa uliomo katika simu, vyote hufaa. Maneno matupu hayafai sana.

Wenye maduka na hoteli wana sheria yao nyingine, pamoja na baraza lao, na notisi yao haipungui miezi miwili.