Simba Waliofika Fainali

Wasikilizaji, mtu anayeshuka kilima cha Old Kampala, akiupa kisogo msikiti mkuu uliosimama juu ya kilima kile ambako Kapteni Lugard alipiga kambi mwezi Desemba 1890, hatembei muda mrefu kabla ya kufika Nakivubo. Uwanja huo ulioanza mwaka 1926 uliwekwa baadaye kisheria kuwa ukumbusho wa wanajeshi wa Uganda waliokufa vitani. Ni katika uwanja huo huo ambamo klabu ya askari, Simba, ilicheza marudiano ya fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Afrika mwaka 1972. Hakuna klabu ya Uganda iliyokuwa imefika huko kabla yake. Hata hivyo habari za Simba husimuliwa mara chache, na sababu yake si mpira.

Ligi ya taifa ya Uganda ilipoanza mwaka 1968, bingwa wa kwanza alikuwa Prisons, timu ya askari magereza, ambayo ilirudia ushindi huo mwaka 1969. Coffee ikafuata mwaka 1970, na mwaka 1971 ikawa zamu ya Simba. Si ajabu kwamba vikosi viliongoza. Wakati ambapo mchezaji wa kawaida alitoka kazini jioni ndipo akimbilie mazoezi, mchezaji wa kikosi alikuwa na mshahara, chakula, mahali pa kulala na kamanda mmoja aliyeweza kumpa ruhusa. Tena michezo ilikuwa desturi ya kambini tangu siku za King's African Rifles. Idi Amin mwenyewe alikuwa bingwa wa ndondi nchini, na katika miaka ya 1950 alicheza raga katika klabu ya Nile ya Jinja. Ile hadithi ya kwamba alikuwa mchezaji wa akiba siku ya pambano na timu ya Waingereza mwaka 1955 imerudiwa mara nyingi kuliko ilivyothibitishwa. Yafaa iachwe ilipo.

Mwaka 1972 haukuwa mwaka wa mchezo. Mwezi Agosti serikali ya Amin iliwaamuru Waasia waondoke nchini kwa muda wa siku 90. Tarehe 17 Septemba wapinzani wa serikali waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka kutoka Tanzania, na mapigano yakatokea Mbarara na Masaka. Baada ya hapo watu wengi walikamatwa na hawakuonekana tena. Ulipofika mwezi Desemba, nyumba na maduka mengi ya Old Kampala yalikuwa yamewapoteza wenyewe, na miongoni mwa waliogawiwa mali za namna hiyo walikuwamo askari. Mshabiki aliyeteremka kilima kwenda Nakivubo alipita mbele ya milango hiyo, kisha akaketi kuishangilia timu ya jeshi lile lile ambalo usiku aliliogopa.

Wapinzani wa Simba walikuwa Hafia ya Conakry, mji mkuu wa Guinea. Hapana shaka hiyo ilikuwa mojawapo ya timu bora zilizopata kuonekana barani Afrika: ilitwaa kombe hilo mwaka 1972, ikalitwaa tena mwaka 1975 na mwaka 1977, na mshambuliaji wake Chérif Souleymane alichaguliwa mwanasoka bora wa Afrika mwaka ule ule wa 1972. Mjini Conakry Simba ilifungwa mabao 4 kwa 2. Kufunga mara mbili ugenini, mbele ya watu kama wale, si jambo dogo. Kampala ikangoja, kwa maana ushindi wa mabao 2 bila jibu ungesawazisha hesabu. Simba ilipata mabao hayo 2, lakini Hafia ilipata 3. Jumla ikawa 7 kwa 4, na kombe likaenda Guinea.

Wako wanaosema kwamba mafanikio yaliyopatikana chini ya utawala ule hayastahili heshima. Hoja hiyo ina uzito kwa aliyepoteza baba au ndugu, wala haimfai mtu yeyote kuicheka. Lakini mchezaji kama Polly Ouma, mshambuliaji wa Simba ambaye baadaye aliifundisha timu ya taifa, hakufunga mabao kwa amri. Mlinda mlango wa Hafia hakumwogopa mtu kwa sababu ya cheo. Kiwanjani bunduki haikuwa na kazi, na kilichofanyika pale kilifanywa kwa miguu na kwa akili.

Simba ilitwaa ubingwa wa ligi tena mwaka 1978. Mwezi Aprili 1979 Kampala ikaanguka, jeshi lililoilea timu likatawanyika, na tangu hapo hakuna klabu ya jeshi iliyokuwa bingwa wa Uganda. Kwa upande wa vikosi vingine, Police ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 2005, na mwaka 2006 ikashinda Kombe la Klabu Bingwa za Afrika Mashariki na Kati huko Dar es Salaam.

Katika kombe kubwa la Afrika, Uganda ilingoja miaka 19. Mwaka 1991 SC Villa, klabu ya raia, ilifika fainali, ikafungwa mabao 6 kwa 2 na Club Africain mjini Tunis, na marudiano ya Nakivubo yakaisha kwa sare ya bao 1 kwa 1. Klabu ya tatu ya Uganda haijafika huko.